Mwanachuo wa Ualimu na Utulivu wa Darasa

Kila mwaka wanachuo wa ualimu nchini Uganda huondoka vyuoni mwao na kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi. Baadhi ya shule hizo zimo ndani ya kambi za majeshi na polisi, na humo husoma watoto wa askari. Yafaa basi wazazi walio askari, pamoja na wake na waume zao, wafahamu shida inayomkabili kijana huyo anapokabidhiwa darasa kwa mara ya kwanza.

Shida yenyewe ni utulivu. Watoto hutambua upesi kwamba aliyesimama mbele yao ni mgeni, na kwamba ataondoka baada ya majuma machache. Wao humjaribu. Mmoja huangusha daftari, wa pili huomba ruhusa ya kwenda msalani, wa tatu huwachekesha wenziwe. Mwanachuo akipandisha sauti, na darasa nalo hupandisha yake. Kipindi huisha pasipo mtu kujifunza kitu.

Wingi wa watoto huzidisha ugumu huo. Serikali ya Uganda ilipoanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1997 na kuondoa karo, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka watoto wapatao milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5. Ilikuwa neema kubwa kwa maskini, lakini madarasa yalifurika. Hata leo si ajabu kuona darasa lenye watoto 80 au zaidi. Katika shule za kambini, isitoshe, watoto hutoka katika makabila mengi, na agizo linalotolewa kwa maneno marefu huwapita baadhi yao.

Zamani jibu lilikuwa fimbo. Leo njia hiyo imefungwa. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na mwalimu anayeivunja hutenda kosa liwezalo kumfikisha gerezani. Askari polisi waijua sheria hiyo kazini. Ni vema waikumbuke na nyumbani pia. Wapo wazazi ambao bado humwambia mwalimu, "Mchape tu, huyu ni mwanao." Husaidiwa na methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikutaja fimbo. Mtoto anayerudishiwa daftari ili aifanye upya kazi aliyoilipua, naye hulia.

Je, mwanachuo ashike nini badala ya fimbo? Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Alianza baada ya kumkaripia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akisoma gazeti wakati wa somo, akaona kwamba hata wale wasiokuwa na kosa walishtuka na kujiweka sawa. Akataka kujua ni karipio la namna gani linalofaa zaidi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yalimshangaza mwenyewe: walimu waliofaulu na walioshindwa hawakutofautiana sana katika kukaripia. Walitofautiana katika yale waliyoyafanya kabla ya fujo kuzuka. Mwalimu hodari aliliona darasa zima kwa wakati mmoja, alizima cheche kabla haijawa moto, na hakuacha mwanya wa kukaa bure kati ya kazi moja na nyingine.

Funzo hilo lafaa sana katika darasa la watoto 80. Mwanachuo mwenye busara hufika darasani kabla ya watoto. Zoezi la kwanza huwa limekwisha andikwa ubaoni, hivyo anayeingia hukuta kazi inamngoja. Katika juma la kwanza huchora ramani ya madawati na kujifunza majina, kwa maana mtoto aliyeitwa kwa jina lake hujua kwamba ameonekana. Huweka kanuni chache, tatu au nne, na kuzifuata kila siku. Husubiri kimya ndipo atoe agizo, nalo huwa fupi. Huwagawa watoto katika vikundi na kuwapa viranja kazi ya kugawa vitabu. Hutembea kati ya madawati. Pengine kusimama tu karibu na mtundu hutosha. Mkosaji humwonya kwa sauti ya chini, na jambo kubwa huliahirisha hadi baada ya kipindi. Hatishi kwa adhabu asiyoweza kuitoa, wala haliadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja.

Askari hawatashindwa kuelewa mambo haya. Luteni mpya aliyetoka chuoni hukabidhiwa platuni ambayo sajini wake ana miaka mingi kazini. Nyota za begani humpa amri, lakini heshima huipata kwa kujiandaa, kwa haki, na kwa kumsikiliza sajini. Mwanachuo hana hata nyota hizo. Mwalimu wa darasa ndiye sajini wake. Akimtambulisha vema na kumshauri faraghani, darasa humpokea kijana. Akimdharau mbele ya watoto, hakuna andalio la somo litakalomwokoa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi nyumbani akimdhihaki "mwalimu wa majaribio", baba asicheke naye. Na aulize: leo amefundisha nini? Mama alitazame daftari. Mtoto alale mapema, afike shuleni kabla ya kengele, na awe na kalamu. Mtoto aliyefika na kalamu hana haja ya kuzunguka darasani akiazima.

Mwanachuo anayehangaika leo ndiye mwalimu wa kesho. Akijifunza sasa kutawala darasa kwa kazi na haki, watoto wengi watanufaika naye kwa miaka mingi ijayo. Akivunjika moyo, ataiacha kazi hiyo, au atarudia fimbo kwa siri. Wazazi na wamsaidie mapema.