Mifarishi Isiyo na Pindo: Sindano ya Wanawake wa Kisidi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulikuwa na wanaume wa panga. Tulimfuata Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kuushika utawala wa Ahmadnagar, India, mpaka alipofariki 1626, na tukaitazama ngome ya Janjira, ambayo mabwana wake wenye asili ya Afrika hawakung'olewa na Wamaratha. Hao wameandikiwa vitabu. Leo tupande milima ya Ghats Magharibi, katika jimbo la Karnataka, twende kwa Wasidi, watu wa damu hiyohiyo ya Kiafrika ambao historia iliwapita kimya. Urithi wao ulio bora kuliko yote ni mfarishi, nguo ya kujifunika usiku.

Wasidi wa Karnataka wanaishi zaidi wilaya ya Uttara Kannada, kuzunguka miji ya Yellapur, Haliyal na Mundgod. Wengi ni wazao wa watu walioletwa Goa na Wareno, walioiteka bandari hiyo mwaka 1510 na kuendelea kuingiza watumwa kutoka Msumbiji na pwani za jirani hadi karne ya 19. Waliofanikiwa kutoroka walikimbilia msituni, juu milimani, mbali na mkono wa Mreno. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya asili yao inatokana na wasemaji wa lugha za Kibantu. Leo kuna Wasidi Wahindu, Waislamu na Wakatoliki. Wengi ni vibarua wa mashambani au wakulima wa vipande vidogo vya ardhi, na ilikuwa 2003 tu ndipo Serikali ya India ilipowaingiza katika orodha ya makabila yanayostahili ulinzi maalumu wa kisheria.

Mfarishi wao huitwa kawandi. Ili tuuelewe, yafaa kwanza tuone mfarishi wa viraka unavyoshonwa kwingineko, hasa Marekani na Ulaya. Huko mshonaji huanza na uso: hukata viraka kwa kipimo, huviunga kimoja na kingine mpaka vimetimia, kisha huuzungushia uso huo vipande virefu vya kitambaa kama fremu ya picha. Chini yake huweka tabaka la pamba na tabaka la mgongo, hushona yote matatu pamoja, na mwisho huziba kingo kwa utepe. Pindo huja mwishoni, na kazi yake ni kuukusanya uso na kuupa mpaka. Msomaji anayevaa khanga anaielewa mantiki hiyo bila kufundishwa: pindo huuzunguka mji, na macho yanajua pa kukomea.

Kawandi haina fremu wala utepe. Mwanamke wa Kisidi hutandika kitambaa kimoja kikubwa, mara nyingi sari kuukuu ya pamba, na hicho ndicho msingi na mgongo wa mfarishi wake. Hana uso uliokwisha kuungwa. Ana rundo la nguo zilizochakaa: mashati, magauni, mabaki ya sari nyingine, pengine kipande kilichobaki kwa fundi cherehani. Huketi, huanzia pembe moja, hukunja ukingo wa msingi kuingia ndani pamoja na ukingo wa kiraka cha kwanza, na hupitisha sindano. Kiraka cha pili hukilalia cha kwanza kidogo, ukingo wake umekunjwa ili nyuzi zisifumuke. Huenda hivyo mpaka pembe ya pili, ya tatu, ya nne, na akirudi alipoanzia huingia ndani hatua moja na kuzunguka tena. Mishono ni ya bandi, uzi mnene wa pamba, mstari sambamba na mstari, na mistari yote huufuata umbo la mfarishi mpaka inapokutana katikati.

Hapa ndipo ustadi ulipo, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Washonaji wengi duniani hufundishwa kuanza kushona matabaka kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu kitambaa husogea kila sindano inapopita. Ziada ya kitambaa husukumwa kuelekea kingo, inatokea nje na kukatwa. Anayeanzia ukingoni angeisukuma ziada hiyo ndani, nayo ingejikusanya katikati kuwa mikunjo mibaya. Mbona basi kawandi hazina mikunjo hiyo? Kwa sababu uso wake haupo mpaka unaposhonwa. Kila kiraka huwekwa pale sindano ilipofika, kikakunjwa na kurekebishwa kwa nafasi iliyobaki, kwa hiyo hakuna ziada ya uso ya kusukumwa popote. Msingi peke yake ndio unaobanwa na uzi, na kubanwa huko huipa kawandi vile vitutatuta vidogo ambavyo kiganja huvihisi mara kinapoigusa.

Mpango huu una faida nyingine ambazo mtu maskini anazithamini. Hauhitaji meza, wala fremu ya mbao, wala mashine. Kazi hukaa mapajani na huweza kuwekwa chini chungu kinapochemka. Hauhitaji pamba ya kununua, maana viraka vinavyolaliana, na pengine nguo nyingine kuukuu iliyofichwa kati yake, vinatosha kuleta unene. Na ukingo, sehemu inayochakaa kwanza katika kila kitu cha kulalia, ndio wenye mikunjo mingi kuliko pengine popote. Kiraka kikipasuka, kingine huwekwa juu yake.

Mfarishi ukikaribia kukamilika bado unadaiwa kitu kimoja. Katika pembe zake nne hutakiwa vipande vya kitambaa vilivyokunjwa pembetatu, tabaka juu ya tabaka, vikichomoza nje kidogo. Huitwa phula, yaani maua. Havizuii baridi na haviongezi nguvu, lakini wanawake wenyewe husema kwamba kawandi isiyo na maua hayo iko uchi. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mtu aliyeokota kila uzi kutoka kwenye matambara bado anatenga vitambaa vyake vizuri kwa ajili ya kitu kisicho na kazi nyingine isipokuwa heshima.

Ndani ya mizunguko hiyo ya mishono kila mshonaji hupanga rangi apendavyo. Mifarishi ya watoto wachanga hujaa vipande vidogo vya rangi kali, viitwavyo tikeli. Wakatoliki huweka misalaba. Baadhi ya Waislamu huweka mwezi mwandamo au umbo la msikiti. Njia ya kushona ni ileile.

Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ndiye aliyefanya juhudi kubwa kuwajulisha walimwengu kuhusu kazi hizi. Mwaka 2004 alishirikiana na wanawake hao kuanzisha ushirika wa washonaji, na 2011 mifarishi yao ilionyeshwa katika kituo cha Schomburg, Harlem, mjini New York. Wamarekani wengi walioiona waliikumbuka mara moja mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha wazao wa watumwa kando ya Mto Alabama, ambayo ilifunguliwa milango ya majumba makuu ya makumbusho kuanzia 2002. Rangi zinazogongana na mistari inayokataa kunyooka zinafanana kweli. Lakini mtindo mmoja maarufu wa Gee's Bend, uitwao housetop, huanza na kipande cha katikati na kujengwa kuelekea nje. Kawandi huenda kinyume kabisa.

Ndiyo maana siungi mkono wepesi wa kusema kwamba kawandi ni kumbukumbu ya Afrika iliyovuka bahari. Waliokamatwa Msumbiji hawakufika Goa na sindano wala mfarishi. Na majirani wa Wasidi katika Karnataka nao hushona mifarishi ya nguo kuukuu kwa bandi, na jina wanaloiita ni la ukoo mmoja na kawandi. Kwa maoni yangu ufundi huu uliokotwa palepale India, kisha ukageuzwa kuwa kitu chao. Kuanzia pembeni, maua ya pembe nne, ujasiri wa rangi: hayo ndiyo yanayoufanya mfarishi wa Kisidi utambulike katikati ya mingine. Kuyaita yote Afrika ni kuwanyima wanawake hawa sifa ya kubuni, kana kwamba mikono yao ilikuwa ikikumbuka tu na haikuwahi kufikiri.

Siku hizi kawandi inafundishwa kwenye warsha za California na kwingineko, na wapo wanaoishona wasioweza kuionyesha Yellapur kwenye ramani. Sioni ubaya katika kujifunza. Ubaya ni kuuza mtindo kwa jina la Wasidi huku fedha ikiwapita. Mfarishi mmoja mkubwa ni kazi ya wiki nyingi, na bei inayomlipa mshonaji kama kibarua wa siku moja ni dhuluma.

Sisi wa pwani hii tuna deni letu. Majumba yetu ya makumbusho, Fort Jesus na ya Dar es Salaam, yanaeleza vizuri biashara ya mawimbi na pepo za msimu: pembe za ndovu zilizokwenda, shanga na nguo zilizokuja. Watu waliokwenda hawaonekani sana ukutani. Nawaomba wakurugenzi wa majumba hayo wanunue kawandi kutoka kwa washonaji wenyewe, kwa bei ya haki, waitundike na kuandika jina la aliyeishona, na wamwalike aje aizungumzie.

Wiki ijayo tutaelekea kaskazini, Gujarat, kwa Wasidi wa ziara ya walii Bava Gor.