Pointi moja, sekunde 26

JE, msomaji, umewahi kukosa jambo kubwa kwa kitu kidogo, kidogo hata ukaona haya kukitaja mbele ya watu? Mpwa wangu, ambaye jina lake nitalisitiri, alikosa nafasi ya chuo kikuu kwa pointi moja.

Hiyo ilikuwa Desemba 2017, matokeo ya KCSE yalipotangazwa. Kwa wazazi ambao watoto wao hawakuwa wamefika huko, hesabu ilikuwa hivi: mtahiniwa alipimwa kwa masomo saba, na kila somo lilikuwa na pointi 12 kwa aliyepata A, hivyo basi kilele kilikuwa pointi 84. Ili kupata C+, gredi ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu, alihitajika kufikisha pointi 46. Kijana wetu alifikisha 45. Akaandikiwa C, bila ile alama ya kujumlisha.

"Mjomba, pointi moja tu!" aliniambia tukiwa tumeketi kwa dada yangu mtaani Umoja, chai imepoa mezani bila wa kuinywa. Mamake, aliyeuza mitumba Gikomba kwa miaka minne mfululizo ili karo ipatikane, hakutamka neno. Aliendelea kukunja nguo za kupeleka sokoni kesho yake.

Nilimwuliza anadhani pointi hiyo ilipotelea wapi. Alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba ni katika Hisabati. Alikuwa amepata D+. Tangu Kidato cha Pili maswali ya jiometri yalimtoa jasho, na kila alipokutana nayo aliyaruka huku akijiahidi kwamba angeyarudia jioni. Jioni hiyo haikufika.

Naomba tumwache kijana hapo kwa muda tupande hadi Kaptagat, kule kwenye baridi na misitu juu ya Eldoret, kambini kwa Eliud Kipchoge.

Wengi wetu twamkumbuka kwa ile Jumamosi ya Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Austria, alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili. Alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ni wachache wanaoizungumzia Mei 6, 2017, siku aliyojaribu jambo lilo hilo kwenye uwanja wa mashindano ya magari wa Monza, Italia, akashindwa. Siku hiyo alitumia saa 2 na sekunde 25. (Mbio zote mbili hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, maadamu alikuwa na wakimbiaji wa kumwongoza waliopokezana njiani.)

Sasa chukua kalamu. Ili ashuke chini ya saa mbili, alihitaji kupunguza sekunde 26 tu. Zigawe sekunde hizo kwa kilomita zote alizokimbia, nawe utaona kwamba kila kilomita ilimdai kama sehemu sita za kumi za sekunde moja. Lakini kuupata muda huo kulimchukua miezi 29.

Aliupata vipi? Siwezi kudai kwamba najua siri zote za kambi ile, na viatu vyake pamoja na hao waliomwongoza vilikuwa na sehemu yao. Lakini mambo mawili kuhusu kambi hiyo yameelezwa mara nyingi na waliofika huko. Kwanza, bingwa huyo wa dunia, tajiri kuliko wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, hushika zamu ya kufagia na kusafisha vyoo kama mwanariadha mwingine yeyote. Pili, na hili ndilo lililonigusa, ana desturi ya kuandika kwenye daftari mazoezi aliyofanya, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kocha wake, Patrick Sang, ni yule aliyeshinda nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992, kwa hivyo naye anaijua vyema tofauti ndogo iliyopo baina ya nishani moja na nyingine.

Paul Tergat anaijua zaidi. Kule Sydney mwaka wa 2000, baada ya kukimbia mita 10,000, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Mwanya huo ulikuwa mdogo kuliko ule uliomtenga mshindi na wa pili katika fainali ya mita 100 za wanaume kwenye michezo hiyo hiyo! Angeweza kukata tamaa. Miaka mitatu baadaye, jijini Berlin, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, Mkenya mwenzake Sammy Korir akifika sekunde moja tu nyuma yake.

Utaniambia kwamba hao ni watu wa vipawa, ilhali wewe una kazi, watoto na foleni ya magari ya Barabara ya Jogoo. Ni kweli. Ndiyo sababu nasema habari ya kidogo. Robo saa kila siku, kwa mwaka mmoja, ni zaidi ya saa 91. Ukizihesabu kwa vipindi vya dakika 40 kama vya shule ya upili, ni vipindi 136. Huo ni muda wa kutosha kumsomea mtoto hadithi nyingi kabla ya kulala, au kujifunza ufundi wa cherehani ile iliyofunikwa kwa kitambaa sebuleni tangu uinunue. Mwenye mwili mzito anaweza kushuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chake na kutembea.

Hata hivyo, wazazi, hapa natoa onyo. Kuongeza kidogo si kumrundikia mtoto. Kuna watu wakisikia habari za jitihada hukimbilia kumtafutia mwana masomo ya ziada likizo nzima, jambo ambalo sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 inalikataza. Mtoto huamshwa usiku wa manane, akasinzia darasani na kukosa hata yale ambayo angeyapata bila taabu. Wanariadha wa Kaptagat hulala mapema, na mbio zao nyingi za mazoezi huwa za taratibu, kasi ikiwekewa siku zake. Wazee walisema ndo! ndo! ndo! si chururu, nao hawakuwa wakizungumzia maji peke yake.

Isitoshe, faida haiji kwa mstari ulionyooka. Kipchoge huyo huyo aliweka rekodi ya dunia Berlin mwaka wa 2018 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Alipoivunja rekodi yake mwenyewe mwaka wa 2022, alikuwa amepunguza sekunde 30. Miaka minne, nusu dakika! Anayekuahidi kwamba utabadilika kwa wiki mbili anataka pesa zako.

Turudi Umoja. Mpwa wangu aliamua kurudia mtihani. Asubuhi alimsaidia mamake kubeba marobota hadi kibandani, mchana akasoma kama alivyokuwa akisoma siku zote. Aliongeza jambo moja tu. Alinunua daftari la jalada la kijani, na kila usiku kabla ya kulala alinakili swali moja la Hisabati lililokuwa limemshinda, akalifanya upya, kisha akaandika chini yake kwa maneno yake mwenyewe mahali alipokosea. Swali moja, yapata nusu saa. Kuna usiku stima zilipotea akaandika kwa mwanga wa simu. Miezi miwili ya kwanza hakuona tofauti yoyote, na aliniambia wazi kwamba alihisi anapoteza wino bure.

Matokeo ya Desemba 2018 hayakumpeleka kwenye kurasa za magazeti. Hisabati ilipanda kutoka D+ hadi C, na Historia, ambayo hatimaye alikuwa ameanza kuipitia kwa mtindo uo huo, ikapanda kutoka C+ hadi B-. Jumla, pointi 48. Alisomea ualimu, na sasa anafundisha shule moja ya kibinafsi huku akisubiri kuajiriwa na serikali, akiwa miongoni mwa maelfu wanaosubiri vivyo hivyo.

Lile daftari bado liko kwa dada yangu, juu ya kabati. Majuzi dadake mdogo, aliye shule ya upili, aliomba apewe alitumie. Kakake alikataa.

"Hayo humo ni makosa yangu," alimwambia. "Nenda dukani ununue la kuandika yako."