JUU YA NINI TUNAKATAZWA TUMBAKO?



Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa juu ya nini havuti sigareti, atajibu: « Kanisa linakataza. » Jibu hilo si baya, lakini ni fupi. Siku atakapomaliza masomo na kwenda kutafuta kazi Lubumbashi, ao kuvua samaki usiku pamoja na wavuvi, hakuna mtu wa kumkataza tena. Hapo atahitaji kujua sababu zenyewe. Basi tuziangalie.

1. Tumbako ilitoka wapi? Wengine wanasema ni desturi ya wababu. Hapana. Mmea huo ni wa Amerika. Wazungu waliuona kule mwaka 1492, nyuma wakauleta kwa merikebu mpaka Afrika. Wababu waliupokea tu, kama walivyopokea mihogo na mahindi. Lakini mihogo inashibisha!

2. Inafanya kazi namna gani? Ndani yake iko nikotini. Ukivuta moshi, nikotini inafika katika ubongo kwa nukta chache tu, na mtu anasikia raha. Raha ikiisha, ubongo unaomba tena. Ndiyo maana yule aliyesema « moja tu », kesho anatafuta ya pili. Wanasema inafukuza njaa na baridi. Kweli njaa inanyamaza kidogo, lakini mwili haukupata kitu. Na baridi? Nikotini inakaza mishipa ya damu, vidole vinazidi kupoa.

3. Ubaya wake. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Doll na Hill, walitangaza habari za wagonjwa wa hospitali za London. Katika wanaume 649 wenye kansa ya mapafu, 2 tu hawakuwa wavutaji. Tena wenye kansa walivuta mingi kuliko wagonjwa wengine. Leo tunajua kwamba moshi unaharibu na moyo, tena unaongeza hatari ya kifua kikuu. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wengine kati yao hawakuvuta hata siku moja: walikaa tu karibu na mvutaji. Filtre haiondoi sumu hiyo. Ugoro wa puani nao uko na nikotini.

4. Serikali zinasema nini? Congo yetu iliingia katika mapatano ya OMS juu ya tumbako mwaka 2005. Uganda, kwa sheria ya 2015, inakataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 21. Lakini sheria haisaidii kitu kama sisi wenyewe tunatuma watoto dukani kununua sigareti moja moja.

Aliyekwisha kuanza asikate tumaini. Akiacha mwaka mzima, hatari ya ugonjwa wa moyo inapungua karibu nusu. Na kama baba ao kaka yako anavuta, usimhukumu. Umwombe kwa heshima avutie inje, mbali na wadogo zako. Hata hiyo ni kuokoa maisha.