Mizani Haioni Kitambi

Wanaume wawili: kila mmoja ana kilo 80, kila mmoja ana urefu wa mita 1.75. Mizani haiwatofautishi, na hesabu ya BMI, inayolinganisha uzito na kimo, itawapa wote 26 na ushei. Lakini mmoja amejazia mabega na mapaja, mwenzake ana miguu myembamba na kitambi kinachomtangulia mlangoni. Huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi kupatwa na shambulio la moyo.

Kanuni ya BMI ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, bingwa wa nyota na takwimu, wala hakuwa daktari. Mwaka 1947, Jean Vague, tabibu wa Marseille, Ufaransa, alianza kuandika kwamba hatari imo katika mahali mafuta yanapokaa, si wingi wake tu. Ushahidi mzito ulikuja 2005. Watafiti wakiongozwa na Salim Yusuf waliwalinganisha waliopatwa na shambulio la moyo na wasiopatwa, watu wapatao 27,000 katika nchi 52, Kenya ikiwamo. Uwiano wa kiuno na nyonga uliashiria hatari vizuri zaidi kuliko BMI. Tena nyonga pana zilionekana kuwa na nafuu.

Kwa nini tumbo? Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, na hayana fujo sana. Yenye fujo ni yale ya ndani, yanayozingira utumbo. Hayatulii: humwaga asidi za mafuta kwenye damu, na sehemu kubwa ya damu ya huko hupitia ini kwanza. Ini likielemewa, nalo hutoa mafuta mengi zaidi. Insulini hupungua nguvu, sukari na presha hupanda. Taratibu kolesteroli hujipenyeza katika kuta za ateri na kujenga utando. Utando ukipasuka, damu huganda papo hapo, na moyo hukosa damu.

Saizi ya suruali isikudanganye. Mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, ndiyo maana miaka inapita na saizi haibadiliki. Vua shati, papasa ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, weka futikamba katikati yake. Toa pumzi kama kawaida na usinywee tumbo. Hapo hakuna wa kumridhisha. Tangu 2022 mwongozo wa Uingereza unashauri kiuno kisifike nusu ya kimo. Kwa wale wanaume wetu wawili, kibaki chini ya sentimita 87.5.

Asiye na futikamba achukue uzi, ajipime kimo, aukunje katikati na auzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, amezidi. Zikikutana, bado akapimwe presha na sukari, maana mvuta sigara mwembamba naye ateri zake huziba.