Vetiveri ao sitroneli? Majani magumu yanayoshika udongo wa parseli

Wakaaji wa Kisangani hawana haja ya kufundishwa mvua ni nini. Katika muji wetu inanyesha karibu miezi yote, na kwa mwaka maji yanakaribia milimita 1,800. Hesabu ya milimita inaonekana kama mambo ya watu wa meteo, lakini iko rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati ya mita 8 kwa 10 iko na mita 80 za mraba. Mvua kubwa moja ya milimita 50 ikipita, bati peke yake linamwaga chini lita 4,000, ni kusema bidoni 200 za lita 20. Bidoni 200, kwa saa moja ao mbili, zote pembeni ya ukuta uleule.

Maji yale yanaenda wapi? Yanaenda kwa jirani wa chini. Yakipita yanabeba udongo, na mwaka kwa mwaka fondasyo inabaki wazi, mizizi ya mwembe inabaki juu, na kati ya parseli mbili panafunguka mfereji ambao hakuna aliyeuchimba. Kwenye mitelemko inayoshuka kuelekea mto Tshopo ao mto Congo, mifereji ya namna hiyo inaweza kugeuka korongo. Na kabla ya korongo kuna ugomvi: nani ametuma maji kwa nani, hadi kwa shefu wa kartiye.

Sehemu ya shida tunaitengeneza wenyewe. Tumezoea kusema parseli safi ni ile iliyofagiliwa mpaka udongo unang'aa. Udongo uliofagiliwa na kukanyagwa kila siku unakuwa mgumu kama sakafu, haunywi maji tena. Hakuna anayeomba uache pori mbele ya mlango. Lakini mstari mmoja ao miwili ya majani magumu, yaliyopandwa vizuri na kukatwa kwa wakati, yanapendeza macho na yanashika udongo. Kwetu majani mawili yanafaa sana kazi hiyo, na watu wanayachanganya.

La kwanza wote wanalijua: sitroneli, wengine wanaita mchaichai, na kwa Lingala sinda. Linapandwa pembeni ya njia, linapendeza, na asubuhi mama anakata majani matatu kwa chai. La pili ni vetiveri, jani lenye asili ya India. Mukulima wa miwa huko Fiji aliweza kuliona likishika mitelemko tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 Banki ya Dunia ililisukuma sana kwa kupigana na mmomonyoko. Kinshasa pia limepandwa kwenye makorongo.

Kwa mbali yanafanana: mafungu marefu, majani membamba, rangi ya kijani. Ponda jani kati ya vidole. Likinuka ndimu, ni sitroneli. Jani la vetiveri halina harufu ile. Harufu yake iko kwenye mizizi, na ndiyo mizizi ambayo watu wa marashi wanatafuta. Tofauti hii si ya kupendeza pua tu. Mizizi ya sitroneli inakaa karibu na uso wa udongo. Ya vetiveri inashuka wima, na mahali pazuri inaweza kufika mita 3 ao zaidi. Ukipanda sitroneli kwenye ukingo wa korongo ukifikiri umepanda vetiveri, siku moja ukingo utaanguka pamoja na chai yako. Kwa hiyo sitroneli kwenye njia, mbele ya baraza, kando ya bustani ya lengalenga; vetiveri mahali udongo unapotaka kukimbia.

Watu wengine wanaogopa kwamba jani geni litajaa parseli nzima. Kwa vetiveri inayopandwa kwa kazi hii, hofu hiyo haina msingi: haizai mbegu zinazoota na haitembezi mizizi chini kwa chini. Inakaa pale ulipoiweka. Ubaya wake ni uleule: haitajieneza yenyewe, utaipanda kipande kwa kipande.

Namna ya kupanda iko hivi. Toa fungu zima kwa jembe, lipasue kwa mikono ao kwa kisu, kila kipande kibaki na mashina mawili ao matatu yenye mizizi. Kata majani yabaki kama sentimita 20, punguza mizizi pia. Usiache vipande juani. Kama utapanda kesho, viweke kivulini, mizizi ndani ya maji. Kisha panda vikiwa karibu-karibu, sentimita 10 hadi 15 kati ya kipande na kipande. Mstari wa mita 10 utakula vipande kama 70, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa, wanapanda kimoja kila nusu mita ili vitoshe. Mstari wa namna hiyo ni mapambo tu. Maji yatajikusanya kwenye matundu na kuchimba kwa nguvu kuliko zamani. Kama vipande ni vichache, heri upande mita 3 zilizofungana vizuri, halafu mwaka ujao upasue yale mafungu na kuendelea.

Mstari lazima ukate njia ya maji, usishuke pamoja nayo. Siku ya mvua simama barazani uangalie maji yanapita wapi, kesho yake chomeka vijiti. Kwenye mtelemko mrefu tumia mupira wenye maji ambao mafundi wa nyumba wanatumia kupima usawa, ili mstari wote uwe kimo kimoja. Ukipinda, maji yote yataenda kwenye sehemu ya chini. Na usipande pale hasa matone ya bati yanapoangukia. Hapo weka mawe ao changarawe, majani yakae chini kidogo.

Vetiveri inataka jua. Chini ya mwembe mkubwa ao msafu itadhoofika, hasa ikiwa changa. Udongo wetu umeoshwa na mvua na hauna nguvu nyingi, lakini haya majani yanavumilia. Mavi ya mbuzi yaliyooza, konzi moja kwa kila kipande, yanatosha kuanzia. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari: mimea haijashika, mbuzi wenyewe wanapenda majani machanga, na watoto wanapita hapo na mpira. Weka fito mbili-tatu. Panda mvua zikiwa nyingi, mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja, ao kuanzia mwezi wa tatu. Mwezi wa kwanza na wa pili mvua hupungua, utabeba maji wewe mwenyewe. Pengo likionekana, lizibe upesi.

Kila miezi mitatu ao minne kata kwa panga, ubakize sentimita 30 hadi 40. Kukatwa kunafanya fungu linenepe. Majani uliyokata usiyachome: yatandaze chini ya migomba ao kwenye mstari wenyewe. Sitroneli, baada ya miaka miwili ao mitatu, inaanza kuwa tupu katikati. Itoe, pasua, panda upya zile za pembeni.

Na nyoka je? Wengi wanapanda sitroneli kwa kumfukuza nyoka na mbu. Mafuta yanayokamuliwa katika majani ya jamii hii yanaweza kuwasumbua mbu kwa muda. Fungu lililosimama tu mlangoni haliwezi kulinda mtoto, lala ndani ya chandarua. Na nyoka anafuata panya: fungu lolote lisilokatwa, liwe lenye harufu ao bila harufu, ni nyumba nzuri kwa wote wawili.

Mipaka ya kazi hii iko pia. Mto ukipanda hadi Lubunga ao kandokando ya ng'ambo hii, hakuna jani litakalouzuia. Korongo ambalo tayari limemeza njia haliponi kwa vetiveri peke yake: kwanza maji yanayoliingia juu yageuzwe, kingo zilainishwe, ndipo majani yapandwe. Kujaza takataka na mifuko ya plastiki hakusaidii, mvua ya kwanza inazisomba zote. Na mara nyingi maji hayo yanatoka parseli tano ao sita za juu, ao mwisho wa kanivo ambayo haikumalizika. Kwa hiyo ukipasua mafungu yako mwaka wa pili, vipande vya kwanza vipeleke kwa jirani wa juu, na umuombe apande kabla ya maji yake kufika kwako.