Kushindika, Kukeneka na Kuzidua: Istilahi ya Kutoa Dawa katika Mbegu za Mwarobaini

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo moja la istilahi: ni kitenzi gani kifaacho kueleza jinsi hewa ukaa inavyotumiwa kutoa mafuta na dawa katika mimea? Mfano wetu ni mbegu za mwarobaini, mti unaostahimili ukame wa Kitui na Makueni.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast alieleza kwamba hewa ukaa ikizidi joto la nyuzi 31 hivi za Selsiasi haigeuki tena kuwa kimiminika, hata ikishindiliwa kwa nguvu namna gani. Lakini ikishindiliwa kupita mara 73 hivi ya shinikizo la angahewa, huwa na uzito unaokaribia ule wa kimiminika, na bado hupenya kama hewa. Hali hiyo twaweza kuiita hali ya kupita upeo. Mbegu zilizosagwa hutiwa katika chombo madhubuti cha chuma, hewa hiyo ikapitishwa humo, ikayeyusha mafuta na kutoka nayo. Shinikizo likipunguzwa, hewa hurudia asili yake na kuyaacha mafuta peke yake.

Kitenzi cha kwanza kitujiacho ni kushindika, kama ufuta unavyoshindikwa kinuni. Hakifai: hapa kinachobanwa ni hewa, wala si mbegu. Kukeneka nako hakufai, kwani kwahitaji kuchemsha na kuupoza mvuke. Kuchuja ni kutenga kwa chujio tu. Kuloweka kunakaribia zaidi, ila hakuelezi kutoka kwa kile kilichoyeyushwa.

Huenda msomaji akauliza, je, tofauti hii ina faida gani kwa mkulima? Jibu limo katika neno mashudu. Aambiwaye kwamba mbegu zake zimeshindikwa hufahamu kuwa kilichosalia ni mashudu, kitu cha thamani ndogo. Walakini azadirakitini, dawa ya wadudu iliyotengwa katika mbegu hizo mwaka 1968 huko Uingereza, haiyeyuki kwa urahisi katika hewa ukaa pekee. Sharti iongezwe ethanoli kidogo. Isipoongezwa, mafuta hutoka, na sehemu kubwa ya dawa hubaki katika yale tuyaitayo mashudu. Basi, neno lisilofaa laweza kumfanya mwenye mbegu aiache mali yake bila kujua.

Kwa hiyo twapendekeza kuzidua, kwa maana ya kukitoa kitu kilichomo ndani ya kingine kwa kukiyeyusha. Kinachopatikana kiitwe ziduo, na kilichosalia kiitwe masazo mpaka ijulikane kimebakiwa na nini. Neno mashudu libaki kinuni, mahali pake pa asili.