Mkaguliwa Asiwe Mkaguzi

Kila askari aliyepata kulinda ghala la silaha aijua kanuni hii: mtunza ghala hajikagui mwenyewe. Hata awe mwaminifu namna gani, siku ya ukaguzi huja afisa kutoka nje ya ghala, pengine bila taarifa, akafungua makasha na kuhesabu. Hatufanyi hivyo kwa kumdharau mtunza ghala, bali kwa kuwa hesabu ya mtu juu ya nafsi yake haiwatoshi wenzake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iwalindayo raia waishio kando ya viwanda, na ikivunjwa wa kwanza kuumia ni watoto.

Tuangalie yaliyotokea kwa jirani yetu Kenya. Mjini Mombasa kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kando yake kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, madini yale yale tuyajuayo sisi askari katika kichwa cha risasi ya bunduki. Moshi ukatanda juu ya nyumba, na maji machafu yakatiririka hadi kwenye vijito vya wanakijiji. Hakuna kiasi cha madini haya mwilini kijulikanacho kuwa hakidhuru. Huharibu figo, mishipa ya fahamu na mimba, na mtoto mdogo humdumaza akili. Ni risasi impigayo mtu bila yeye kusikia mlio.

Onyo la mapema lilitoka kiwandani humo humo. Mwaka 2009 Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, alisimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Ilionekana kwamba kiwanda kilikuwa karibu mno na makazi ya watu, naye akashauri kihamishwe. Wakuu wake walikataa, wakampa kazi nyingine. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Taarifa ilikuwa ya kweli, lakini aliyeipokea ndiye aliyelaumiwa ndani yake, basi ikakomea mezani pake. Wahenga walituonya kuhusu kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Kenya haikukosa sheria. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikawapa wakaguzi uwezo wa kuingia kiwandani na kuchukua sampuli. Katiba ya mwaka 2010 nayo ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hata hivyo kiwanda hakikufungwa moja kwa moja hadi mwaka 2014. Uwezo usiotumika ni kama bunduki iliyofungiwa ghalani wakati adui yumo kambini.

Wanakijiji walipoandamana, mwaka 2012 Bibi Omido alikamatwa na polisi, akashitakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko usio halali. Mahakama ilimwachilia. Ndugu askari polisi, jambo hili latuhusu. Nguvu ya dola ilimshika aliyepiga mbiu ya hatari, ilhali mwenye kutoa moshi aliendelea na kazi. Nguvu hiyo hiyo ingaliweza kumsindikiza mkaguzi hadi langoni, kuhakikisha anafunguliwa, na kuzilinda sampuli zake zisibadilishwe njiani.

Mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Haikuishia kwa wenye kiwanda. Vyombo vya serikali, NEMA ikiwemo, navyo vilionekana kuwa na hatia kwa kutotimiza wajibu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu kiwanda kianze. Hakimu aweza kuamuru fedha zilipwe, lakini hawezi kumrudishia mtoto akili iliyodumazwa.

Funzo ni wazi. Mkaguzi wa kweli hapokei mshahara wala hisani ya mkaguliwa. Huja siku asiyotazamiwa, hupima kwa vyombo vyake, hutangaza alichokikuta hata kama chamchukiza mkubwa, na ana uwezo wa kuzima mtambo siku hiyo hiyo. Naye mkaguzi sharti awe na wa kumkagua, kama mahakama ilivyofanya Mombasa.

Nasi tulioapa kulinda maisha ya raia, tukiitwa kusimama langoni mwa kiwanda, kwanza tuulize: mkaguzi amekwisha kuingia? Kama bado, tumfungulie njia.